Mkono hauvunjiki wenyewe: miaka yangu na riwaya ya polisi wa Los Angeles

Ukurasa wa kwanza kabisa wa mswada wangu ulianza na moto. Kona ya Florence na Normandie, kusini mwa Los Angeles, jioni ya tarehe 29 Aprili 1992, siku polisi waliompiga dereva mweusi Rodney King waliposemwa hawana hatia, mawe yanarushwa, dereva wa lori anaburutwa chini, moshi, vioo, na mi nimekaa mezani usiku naona nimepatia kweli kweli. Niliandika kurasa kama arobaini za moto mtupu. Nilikuwa naandika kwa Kiswahili, riwaya ya polisi, nikijiambia wasomaji wetu wengi wameziona zile picha za Marekani kwenye TV lakini hakuna aliyewasimulia kwa lugha yao kilichokuwa nyuma yake, na mi naishi hapa hapa jijini, hizo barabara nazikatiza kwenda kazini, kwahiyo nani aandike kama si mimi.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kutunza wazee, zamu ya usiku, nyumbani kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa polisi. Mtu mweusi, amestaafu siku nyingi, alitumikia zaidi ya miaka 20 kwenye mji mmoja wa jirani ambao sitautaja, na jina lake pia silitaji kwa sababu hilo ndo lilikuwa sharti lake. Nilikuwa namwita Mzee, nikamweleza maana yake, akalipenda, akawa haitiki jina lingine kwangu. Usiku halali. Yeye kwenye kiti chake, mi mezani na laptopu, na usiku wa tatu au wa nne akaniuliza hivi kila siku unaandika nini. Nikamwambia. Akasema nisomee. Nikawa namtafsiria papo kwa papo, sentensi kwa sentensi, akazisikiliza zile kurasa za moto mpaka mwisho bila kunikatiza, alafu akauliza swali moja tu: "Wewe hapo ulikuwa kwenye helikopta?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba kila nilichoandika kinaonekana kutoka juu. Watu ni umati, polisi ni kundi, moto unatembea kama una miguu yake, na hakuna hata mtu mmoja anayetoka jasho. Na ni kweli bwana, manake picha za ile kona zilipigwa na helikopta za televisheni na kurushwa moja kwa moja, na mi niliandika nikiwa na zile video kichwani. Nilikuwa naishi kilomita chache kutoka pale lakini nimeandika kama mtu anayeangalia jiji la watu wengine.

Nilinyamaza siku kadhaa sikuandika kitu. Niliporudi sikurudi kwenye moto, nilirudi kwa polisi wangu, yule mhusika mkuu, maana nilijua hapo ndo kuna ugonjwa.

Polisi wangu wa kwanza alikuwa mzungu mwenye shingo nene, anatukana kila sura, anachukia watu weusi tangu anaamka mpaka analala. Nilimpa kila ubaya nilioujua. Nilimwandika kwa hasira ya haki kabisa na sioni aibu kwa hiyo hasira. Ila Mzee aliposikia sura tatu za huyu jamaa akaniambia kitu ambacho nilikiandika pembeni mwa daftari usiku ule ule: wale waliokuwa wanatukana kwa sauti walikuwa wachache na kila mtu aliwajua, waliokuwa wakimnyima usingizi ni wale wenye maandishi mazuri. Wanaojaza fomu vizuri. Wanaosifiwa na sajini.

Nikaenda kusoma. Baada ya Rodney King kupigwa tarehe 3 Machi 1991 jiji liliunda tume ya kuwachunguza polisi wake chini ya mwanasheria Warren Christopher, na ripoti yake ilitoka mwaka huo huo. Ukiwa mwandishi, ile ripoti isome hata kama huandiki habari za Los Angeles. Walipitia malalamiko ya miaka ya 1986 mpaka 1990, wakakuta polisi kama 1,800 waliolalamikiwa kwa kutumia nguvu kupita kiasi au mbinu zisizofaa, na wengi wao walikuwa na lalamiko moja au mawili tu. Lakini 44 walikuwa na malalamiko sita au zaidi. Arobaini na wanne, unaweza kuwaweka kwenye basi moja. Na tume ilipofungua mafaili ya hao watu, yale ya tathmini ya kazi, ikakuta wamesifiwa! Mchapakazi, ana ari, ni mfano kwa wenzake.

Hapo nilikaa muda mrefu sana. Manake kama mtu ana malalamiko sita na faili lake linang'aa, basi kuna mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti, akashika kalamu, akachagua maneno. Huyo hakumpiga mtu. Yawezekana hata hajawahi kutamka tusi maisha yake yote. Anampenda kijana wake wa zamu, anajua mke wake amejifungua juzi, na anajua vizuri tu kilichotokea Jumamosi iliyopita, anaandika "ana ari". Nikaandika hiyo sura mara saba. Sajini mezani, taa ya meza, kahawa imepoa, faili wazi, na kalamu imesimama juu ya neno moja. Mpaka leo wanaosoma mswada wananiambia hiyo ndo sura inayowatisha kuliko zote na hakuna hata kofi ndani yake.

Ile tume ilisoma pia jumbe ambazo polisi walikuwa wanatumiana kwenye kompyuta za magari ya doria. Walikuwa wanajua zinahifadhiwa na bado waliziandika. Usiku ule ule wa Rodney King, mmoja wa wale waliompiga alikuwa tayari ameshamtumia mwenzake ujumbe wa kufananisha ugomvi wa familia moja ya watu weusi na mambo ya sokwe, na baada ya kipigo akaandika kwamba siku nyingi hajampiga mtu namna ile. Kilichonifundisha hapo si ukali wa maneno, ni ule wepesi wake, kama mtu anayemwandikia mwenzake amwekee chakula. Polisi wangu mwenye shingo nene nikamfuta. Aliyekuja badala yake ni mtu wa kawaida, anapenda watoto wake, anachekesha kazini, na yale maneno yanamtoka hivi hivi katikati ya mazungumzo ya mpira.

Sasa kulikuwa na shida ya lugha, na hii sijaona watu wakiizungumzia. Kuna lile tusi la Kiingereza kwa mtu mweusi, kila mtu analijua, silirudii hapa. Kiswahili hakina tusi lenye uzito ule. Ukiandika "we mweusi" msomaji wetu anashangaa, sasa mweusi imekuwa tusi lini, si ndo rangi yetu. Nikajaribu "nyani", ikawa kama ugomvi wa stendi. Nikajaribu "mtumwa", ikawa historia ya darasani. Dada yangu ndo alikuwa msomaji wangu wa Kiswahili, nilikuwa namtumia sura kwa simu, akaniambia kaka mbona hapa yule kijana anakasirika hivi, kaambiwa nini cha ajabu? Hakuhisi kitu. Nikagundua kwamba neno lile kwa Kiingereza limebeba mnada, kamba ya kunyongea, na babu wa mtu kuitwa "kijana" akiwa na mvi kichwani, na mzigo huo wote mi siwezi kuuhamisha kwa kutafuta neno moja kwenye kamusi.

Nilichofanya mwisho ni kuacha kulitafsiri, nikaandika mwili wa anayeambiwa. Mikono.

Mikono naijua. Nilishasimamishwa usiku natoka zamu, taa nyekundu na bluu nyuma yangu, nikaegesha, nikazima injini, nikashusha kioo, nikaweka mikono miwili juu ya usukani vidole vimetanuka, nikasubiri. Yule askari alikuja na tochi. Hakutukana hata kidogo, aliniita "sir" tangu mwanzo mpaka mwisho. Akauliza gari la nani. Nikasema langu. Akamulika kiti cha nyuma, kuna daftari, kuna vyombo vya chakula, akauliza tena, gari la nani. Nikasema langu. Akaniuliza eneo hili nafanya nini, nikasema nafanya kazi ile nyumba pale, natunza mzee. Akachukua leseni akaondoka nayo, nikakaa vile vile mikono juu ya usukani, nahisi kuwashwa puani na siwezi kujikuna kwa sababu mkono ukishuka utaonekana unashuka kufanya nini? Dakika kama ishirini. Akarudi, akanipa leseni, akasema usiku mwema sir. Na mi nikasema asante.

Nilipofika nyumbani nilikaa garini nikijiuliza nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Hiyo "asante" ndo niliiweka kwenye riwaya. Dada yangu aliposoma safari hii hakuuliza kijana amekasirikia nini. Aliniandikia tu, kaka, hii imekutokea wewe? Sikumjibu siku hiyo.

Lakini kitu kilichobadilisha mswada mzima kilitoka kwenye fomu. Mzee alikuwa anajua kuandika ripoti za polisi kama mtu anavyojua kusali, akianza tu sauti yake inabadilika, inakuwa bapa. Nikamwomba anisomeshe, yaani anipe tukio la kubuni alafu anitolee ripoti yake kwa mdomo, mi naandika. Akatoa. Nguvu ilitumika. Mtuhumiwa alipata majeraha wakati wa kukamatwa. Silaha ilifyatuka. Nikiwa natafsiri zile sentensi nikaona Kiswahili kinazipokea kwa urahisi wa kutisha, kuliko hata Kiingereza chenyewe, manake sisi tuna ule mlango wetu wa nyuma, kuvunjika, kuchanika, kumwagika, kufyatuka, ambapo kitu kinatokea na hakuna mtu kabisa. Kila aliyekulia Kiswahili anaujua. Mtoto kashika vipande vya kikombe mkononi, anakwambia "kimevunjika". Hasemi nimevunja. Kikombe kimeamua chenyewe.

Alafu nikakumbuka nilichosoma kuhusu usiku wa Rodney King. Alipigwa virungu zaidi ya mara hamsini, mtu mmoja kwenye roshani ya nyumba yake akarekodi kwa kamera ya video, mfupa wa uso umevunjika, kifundo cha mguu kimevunjika (ona, hata mi hapa nimeandika "umevunjika"). Na kumbukumbu aliyoandika sajini wa zamu usiku ule inasema alikuwa na michubuko usoni iliyotokana na kugusana na lami. Midogo. Yaani lami ndo ilikuja. Bila ile video, dunia nzima ingekuwa na hiyo sentensi tu mkononi.

Nikachukua kalamu nyekundu nikarudi kwenye zile kurasa zangu arobaini za moto. Duka lilichomwa. Gari lilipinduliwa. Kijana alipigwa risasi. Vurugu zilizuka. Kurasa arobaini, na sikuweza kukuta hata sehemu kumi ambapo mtu mwenye jina anafanya kitu kwa mwenzake. Mi niliyekuwa nataka kuwaumbua polisi na ripoti zao nilikuwa nimeandika ripoti ya polisi. Iliniuma sana hii, naisema kama ilivyo.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya punda. Kila kitenzi kisicho na mwenyewe nikakitafutia mwenyewe. Nani kachoma duka? Basi ni lazima awe mtu, ana umri, ana viatu fulani, na kwa nini duka hilo na si la jirani? Ukishauliza hivyo huwezi kubaki tarehe 29 Aprili, unavutwa nyuma. Unafika tarehe 16 Machi 1991, siku kumi na tatu tu baada ya Rodney King, msichana anaitwa Latasha Harlins, miaka 15, ameingia dukani na kuchukua chupa ya juisi ya machungwa ya dola 1.79. Mwenye duka, mama Mkorea, akadhani anaiba. Wakashikana. Msichana akaiweka chupa kwenye kaunta, akageuka aondoke, akapigwa risasi ya kisogoni. Pesa ilikuwa mkononi mwake. Juri, yaani wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi, ikamkuta yule mama na hatia ya kuua bila kukusudia, na hakimu akampa kifungo cha nje cha miaka mitano, kazi za jamii saa 400 na faini ya dola 500. Hakwenda jela. Hiyo ni Novemba 1991. Mhusika wangu mwenye chupa ya petroli mkononi alisoma shule moja na msichana kama huyo. Sikuhitaji kumtetea na sikuhitaji kumlaumu, nilihitaji tu aijue bei ya ile juisi.

Na hapo tena nikakutana na upofu wangu mwingine, manake kwenye mswada wa kwanza Wakorea walikuwa mapambo, mtu anasimama juu ya paa na bunduki alafu basi. Riwaya yangu ilikuwa na rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Lakini zaidi ya maduka 2,000 yaliyoharibiwa au kuporwa yalikuwa ya Wakorea, na karibu nusu ya waliokamatwa walikuwa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wao Wakorea wana jina lao la siku zile, Saigu, yaani nne-mbili-tisa, tarehe yenyewe. Nilikaa na baba mmoja mwenye duka la kufulia nguo ambaye wakati ule alikuwa kijana, akaniambia walipiga simu polisi usiku kucha na hakuna aliyekuja, wakawasha redio ya Kikorea, na redio ndo ikawa polisi wao. Aliniambia hilo huku anakunja shati la mteja, hakuacha kukunja, na nilipomuuliza aliogopa nini zaidi, akasema kumpiga risasi mtu anayemjua. Kuna kijana Mkorea wa miaka 18 aliyeuawa siku zile akiwa ametoka kwenda kulinda maduka, kwa risasi za watu wa upande wake waliomdhania mporaji. Sikuwa hata na mhusika mmoja Mkorea mwenye jina. Nikamwandika mmoja, binti, anayejibu simu dukani kwa baba yake, na sasa ana sura sita.

Jina la tukio lenyewe pia lilinisumbua. Nikiandika "ghasia" nimeshakaa upande mmoja. "Uasi", nimehamia upande mwingine, na wazee wengi weusi wa kusini mwa jiji hilo ndo neno lao, wanasema tuliasi. "Fujo" ni neno la mwalimu wa zamu. "Machafuko" ni neno la taarifa ya habari, halimwudhi mtu, na kwa hiyo halisemi kitu. Nilichofanya, msimuliaji halitaji jina kabisa, kila mhusika ana lake, polisi anasema fujo, mama wa mtaani anasema uasi, binti Mkorea anasema Saigu, na msomaji atajua nani anaongea kwa neno analotumia.

Maneno ya kazi nayo yanaua, hili sikulijua. Siku zile wanajeshi wa Marine waliletwa kusaidia polisi, na kule Compton wakaenda pamoja kwenye ugomvi wa ndani ya nyumba. Risasi za marisau zikafyatuliwa kupitia mlangoni, polisi akapiga kelele "nikingeni". Kwa polisi maana yake ni elekezeni silaha muwe tayari. Kwa Marine maana yake ni mimina risasi adui asiinue kichwa. Wakamimina, zaidi ya 200, kwenye nyumba yenye watoto ndani. Ni bahati tu kwamba hakuna aliyekufa. Mzee aliposikia nimeiweka hiyo akanisahihisha sehemu nyingine tano ambapo polisi wangu walikuwa wanaongea kama watu wa kwenye sinema, hasa kwenye redio ya upepo, akasema hakuna mtu anayeongea sana kwenye redio, ukiongea sana wenzako wanajua umeogopa.

Mpangilio wa kitabu ukageuka wote. Moto niliusogeza mwisho, robo ya mwisho. Kabla ya hapo kuna Agosti 1988, polisi zaidi ya 80 wanavamia nyumba nne za kupanga kona ya mtaa wa 39 na Dalton wakitafuta dawa za kulevya, wanavunja vyoo, wanapasua kuta, wanachana masofa, na dawa walizopata ni kidogo sana, na jiji likaja kulipa mamilioni ya dola. Kuna mama mmoja wa kubuni kwenye sura hiyo ambaye kazi yake usiku mzima ni kuzuia maji ya choo yasifike kwenye godoro la mtoto, na sikuandika kitu kingine, maji tu na matambara. Kuna bibi anayekumbuka moto wa Watts, mtaa wa huko huko kusini mwa jiji, Agosti 1965, ambao nao ulianza kwa gari kusimamishwa barabarani, siku sita, watu 34 wakafa. Na kuna saa tisa na robo ya alasiri tarehe 29 Aprili, watu wamesimama mbele ya TV ya dukani wakisikiliza juri ya kule Simi Valley, kwenye kesi ya wale polisi waliompiga Rodney King, wazungu kumi, Mlatino mmoja, mwenye asili ya Asia mmoja, ikisema hawana hatia. Nimeiandika taratibu sana hiyo sehemu. Mtu anaweka chenji kwenye kaunta na hairudishi mfukoni. Ukifika kwenye moto baada ya hapo hauhitaji kurasa arobaini, umebaki na kumi na moja.

Kuhusu polisi mweusi. Huyu alikuja mwishoni na ndiye aliyekuwa mgumu, kwa sababu alikuwa na sauti ya Mzee na mi nilishampenda Mzee. Bila kujua nikawa namsafisha. Anawazuia wenzake, anasema ukweli, anaumia moyoni. Nikamsomea Mzee sura hiyo nikitegemea atafurahi. Hakufurahi. Akasema huyu mtu hajawahi kufanya kazi ya polisi hata siku moja. Akaniambia mtaani walikuwa wanamwita msaliti na kituoni wanamwangalia kama mgeni, na ukiwa katikati hivyo kuna siku unaamua uonekane wa huku. Akanyamaza. Nikajua kuna kitu lakini sikuuliza, si kazi yangu kumkamua mtu mgonjwa habari zake usiku wa manane ili nipate sura ya kitabu, na hata sasa mpaka huo naushikilia.

Alinieleza mwenyewe wiki kadhaa baadaye, kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nimemweleza ile habari ya kikombe, kwamba kwa Kiswahili kuna kuvunja na kuna kuvunjika, na tofauti ni kipande kidogo tu mwishoni lakini mtu mzima anaweza kujificha nyuma yake. Ilimkaa. Usiku mmoja akaniita, akataka nimfundishe namna ya kusema mkono. Nikamwambia, mkono. Akauliza, na kama ni mkono wa mtoto ulivunjika? Nikamwambia, mkono ulivunjika. Akairudia, mkono ulivunjika, matamshi yake mabaya lakini yanaeleweka. Akasema hivyo ndo nilivyoandika kwenye ripoti. Alafu akauliza, na ile nyingine?

Nikamwambia. Nilivunja mkono.

Akaisema mara mbili, polepole, anatafuta mahali pa kuweka ulimi. Akasema yule mtoto alikuwa na miaka 16, koti la kijani, zipu yake mbovu, alikuwa tayari amelala chini. Kulikuwa na polisi wenzake Mzee wawili wazungu wamesimama pembeni wanaangalia. Nikamuuliza jina. Akafikiri kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema lilikuwa kwenye fomu, niliandika mwenyewe kwa mkono wangu kwa herufi kubwa, na sasa silikumbuki.

Aliniruhusu niiweke, mradi nisiweke mji. Sura hiyo ina kurasa nne na inaanza na "nilivunja". Mzee amefariki mwaka jana. Yule kijana nimeshampa majina matatu na yote nimeyakata, kila nikilisoma kwa sauti naona si lake, na kwenye mswada ninaotaka kupeleka kwa mchapishaji mwezi ujao bado pale pana nafasi tupu yenye upana wa jina moja.